Dramu Nzima kwa Maiki Mbili

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa kwaya na bendi za vijana walipokutana ukumbini. Tumeyaandika karibu vile tulivyoyasema.)

Tuliambiwa tuongee juu ya kurekodi dramu nyumbani, na tukaonywa tusilete Kizungu kingi, maana hapa kuna wazee wa kamati wanaoshika kitabu cha pesa, na hao ndio watakaoombwa kununua maiki. Tutajaribu. Tukiteleza, mtuvumilie.

Kwanza tujijulishe. Sisi ni watu saba. Hakuna hata mmoja aliyesomea kazi ya studio. Mmoja wetu ni fundi wa stima, mmoja anauza mitumba, wawili ni walimu wa nasari, wengine wanatafuta. Kijana wetu wa dramu anaosha magari pale stendi. Dramu yenyewe ilinunuliwa kwa harambee, tena ilikuwa imetumika, na mpaka leo toazi moja lina ufa.

Sasa tuwaambie kilichotuingiza katika mambo haya. Tulichanga pesa kwa miezi minane. Tuliuza maandazi, tukalima shamba la mzee mmoja kwa malipo, tukafikisha Sh. 18,000. Tukaenda nazo kwa studio moja mjini kurekodi nyimbo mbili. Mwenye studio akatuuliza, "Mmekuja na dramu? Hiyo rudisheni. Dramu inataka maiki nane, na kuipanga ni siku nzima. Nitawawekea ya kinanda, na hakuna atakayejua." Tulikuwa tumevua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia lake, na mtu aliyevua viatu hawezi kubishana sana. Tukakubali.

Jumapili iliyofuata tukaenda kwa mamake huyo kijana, tukamwekea wimbo. Mama akasikiliza mpaka mwisho akipepeta maharagwe. Halafu akauliza, "Na huyu wangu yuko wapi hapo ndani?" Hatukuwa na jibu. Kijana mwenyewe hakusema kitu, lakini Jumapili mbili hakuonekana. Ya tatu tukamfuata stendi, tukamkuta na ndoo yake akiosha gari. Akatuambia, "Si nyinyi mna mashine?"

Basi tuliamua hapo hapo kwamba tutarekodi upya, nyumbani, na dramu iwe yake.

Tuseme ukweli kuhusu yule bwana wa studio. Hakutuibia. Dramu ni kazi ngumu kurekodi kuliko gita au sauti ya mtu, kwa sababu si chombo kimoja. Kuna dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, kuna sneya, kuna tomu mbili tatu, kuna matoazi ya juu na yale mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu wa kushoto. Vyote vinalia mahali pamoja kwa wakati mmoja, vingine vizito, vingine vikali kama sufuria ikianguka. Hapo alisema kweli. Alipokosea ni kusema bila maiki nane haiwezekani. Watu walirekodi dramu kwa maiki moja au mbili miaka mingi kabla ya hizo nane, na santuri zao bado zinachezwa.

Tulikuwa na nini? Maiki mbili za kuimbia za hapa ukumbini, zile za kawaida zisizohitaji umeme. Kompyuta ndogo ya kubeba, ya mwalimu. Kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, chenye matundu mawili ya maiki, tulichoazima kwa rafiki. Programu ya kurekodi ni Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, wala si ya kuiba. Stendi ilikuwa moja. Ya pili tuliitengeneza kwa mpini wa fagio tukaufunga na raba ya tyubu kwenye kiti, na juu yake jiwe la kuzuia kiti kisianguke. Msicheke, inafanya kazi mpaka leo.

Siku ya kwanza tulifanya kama tulivyoona kwenye picha. Picha za studio zinaonyesha maiki imebanwa karibu kabisa na kila ngoma. Sisi tulikuwa na mbili, tukabana moja kwa dramu kubwa, nyingine kwa sneya. Matokeo yake yalikuwa kama watu wawili wanaopasua kuni, na wa tatu anafua nguo mbali huko. Tomu zilipotea kabisa. Matoazi yalisikika, lakini kama yako nyumba ya jirani.

Tulikaa chini tukafikiri. Maiki iliyo karibu sana inasikia kile kilicho mbele yake na kidogo tu cha kingine. Ukiwa na nane, kila moja inasikia chake na fundi anavipanga baadaye. Ukiwa na mbili, hakuna cha kupanga baadaye. Lazima kila maiki isikie dramu yote, au karibu yote, na vyombo viwe vimeshapangana kabla sauti haijaifikia. Hilo lilitubadilishia kazi nzima.

Hebu mkifika nyumbani mfanye jaribio hili, halihitaji hata senti. Mpiga dramu apige pigo moja tu bila kubadilisha. Wewe ziba sikio moja kwa kidole, halafu tembea polepole kumzunguka, ukiinama na kunyooka. Mtashangaa. Hapa matoazi yanakumeza. Pale, ukiinama mbele ya dramu kubwa, kuna mvumo tu. Sogea hatua moja, kila kitu kinakaa sawa. Pale palipokaa sawa ndipo pa kuweka maiki kama unayo moja tu. Kwetu mahali hapo palikuwa nyuma kidogo ya bega la kulia la mpigaji, juu ya usawa wa kichwa chake, maiki ikitazama sneya. Mwingine atapapata mbele, kama mita moja na nusu, usawa wa kifua. Kila nyumba na dramu yake, hatuwezi kuwapa kipimo cha lazima.

Mkiwa na mbili, njia rahisi ni moja juu na moja kwa dramu kubwa. Ile ya juu inachukua picha yote, na ya chini inaongeza uzito wa mguu, ambao ndio unaopotea kwanza. Maiki za kuimbia zina udhaifu mmoja mkiziweka juu: zinataka sauti iwe karibu. Ukiipandisha mita mbili utalazimika kufungua nguvu sana kwenye kisanduku, na utapata mchakacho kama wa redio isiyoshika stesheni. Sisi tuliishusha mpaka kama sentimita 80 juu ya sneya. Mkiweza kuazima ile aina nyepesi zaidi ya kusikia, inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, matoazi yatasikika safi zaidi. Lakini msikae mkiingoja miaka mitatu.

Kuna njia nyingine ya mbili, ya kuziweka zote juu ili dramu isikike pana, kushoto na kulia. Hiyo inapimwa kwa vijiti vya kupigia na kamba. Maiki ya kwanza inakaa juu ya katikati ya sneya, urefu wa vijiti viwili, ikitazama chini. Kijiti cha kawaida ni kama sentimita 40, kwa hiyo ni hizo hizo 80. Ya pili inakaa nyuma ya bega la kulia la mpigaji, nayo vijiti viwili kutoka sneya, ikitazama sneya. Halafu chukua kamba. Mtu mmoja ashike ncha moja katikati ya sneya, mwingine ashike ncha ya pili kwenye ukingo wa dramu kubwa, juu ya pale kinyundo cha mguu kinapopiga. Vuteni kamba iliyolegea hapo katikati mpaka iguse maiki ya kwanza, na hapo ilipogusa ishikeni kwa vidole. Sasa pelekeni kamba ile ile kwa maiki ya pili bila kuachilia vidole. Ikifika sawasawa, maiki zote mbili ziko mbali sawa na sneya, na mbali sawa na dramu kubwa. Isipofika, sogezeni maiki, msisogeze dramu.

Mtauliza, kwani kamba ya nini? Hapa ndipo tulipopotezea wiki mbili, kwa hiyo mtupe nafasi tueleze.

Sauti haifiki papo hapo. Inatembea kama mita 343 kwa sekunde moja wakati hali ya hewa ni ya joto la kawaida. Ni mbio, lakini si mbio zisizo na mwisho. Kila sentimita 34 inachukua sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa sauti yenyewe ni mtikisiko wa hewa, kusukuma na kuvuta. Kama maiki moja iko sentimita 34 mbali zaidi na sneya kuliko nyingine, kuna sauti fulani, zile zinazotikisika mara 500 kwa sekunde, ambazo maiki ya kwanza inazipata zikiwa zinasukuma wakati ya pili inazipata zikiwa zinavuta. Ukiziunganisha zinauana. Ni kama mkokoteni ambao mtu mmoja anausukuma mbele na mwenzake nyuma, wote wana nguvu na wote wanatoka jasho, lakini mkokoteni uko pale pale.

Ndiyo sababu unaweza kusikiliza maiki moja peke yake ikawa nzuri, ukasikiliza ya pili peke yake ikawa nzuri, ukaziweka pamoja sneya ikawa kama karatasi. Sisi tulidhani kisanduku kimeharibika. Tukakirudisha kwa mwenyewe kwa aibu, akakijaribu, akakuta hakina neno.

Jambo hili linawahusu ninyi kuliko wenye studio kubwa, kwa sababu ya vile watu wetu wanavyosikiliza. Mtu wa mjini mwenye spika mbili nzuri, kushoto na kulia, anaweza asilione kosa hilo sana. Lakini nani kati yetu ana spika mbili? Watu wanasikiliza kwa simu yenye kispika kimoja, kwa redio ndogo jikoni, kwa spika moja ya ukumbi iliyotundikwa ukutani. Hapo kushoto na kulia vinaunganishwa kuwa kimoja, na kile kilichokuwa kinauana kinauana kabisa. Kabla ya kusema umemaliza, unganisha pande zote ziwe moja usikilize. Dramu ikipungua nguvu, rudi kwa kamba.

Mkiwa na moja juu na moja kwa dramu kubwa, umbali hauwezi kuwa sawa. Pigo la mguu linafika chini kwanza na juu baadaye. Hapo tumieni sikio. Ile programu ina amri ya kugeuza wimbi la sauti juu chini. Geuzeni wimbi la maiki moja, sikilizeni, rudisheni, sikilizeni tena. Ile hali ambayo mguu unasikika mnene zaidi ndiyo sahihi. Ni kazi ya dakika moja.

Na mkifika maiki tatu, kisanduku chenu kikiwa na matundu ya kutosha, iko njia iliyopewa jina la Mwingereza mmoja, Glyn Johns, aliyerekodi santuri ya kwanza ya Led Zeppelin huko London mwaka 1968. Moja iko juu ya sneya kama mita moja. Ya pili iko kando, upande wa tomu kubwa ya chini, imeinuliwa kidogo tu juu yake na inatazama kuvuka dramu kuelekea sneya. Hizo mbili zipimwe kwa kamba ziwe mbali sawa na sneya. Ya tatu ni ya dramu kubwa. Yeye aliongeza ya nne karibu na sneya alipoihitaji. Mpigaji wa bendi hiyo alisifiwa kwa ngurumo ya dramu zake, na maiki hazikuwa nane. Lakini mkumbuke pia alikuwa mpigaji hodari, kwenye chumba kizuri, na dramu iliyokazwa vizuri.

Basi tuseme juu ya dramu na chumba, kwa sababu maiki chache hazifichi chochote.

Dramu yetu ilikuwa haijakazwa tangu inunuliwe. Ngozi za plastiki zilikuwa na mashimo ya vijiti. Tulinunua ngozi moja mpya, ya sneya, nyingine tukazigeuza na kuzikaza upya: unakaza msumari mmoja kidogo, unavuka kwenda ule unaokabiliana nao, vivyo hivyo mpaka umalize, ili ngozi ivutike sawa pande zote. Ukigonga karibu na kila msumari sauti iwe moja. Kinyundo cha mguu kilikuwa kinalia kwii, kwii. Kanisani hakuna aliyewahi kukisikia. Kwenye rekodi kilikuwa mwimbaji wa nane. Tukakitia mafuta ya cherehani.

Dramu kubwa ilikuwa inavuma bila kukoma, kama pipa tupu. Tukaweka blanketi ndani, ikatulia. Kama kuna mtu anaona hiyo ni kazi ya maskini, ajue kwamba mwaka 1966, studio ya Abbey Road huko London, fundi Geoff Emerick alitia sweta ya sufu ndani ya dramu kubwa ya Ringo Starr wa Beatles, akasogeza maiki karibu kuliko wakubwa wake walivyozoea kuruhusu. Sneya nayo ikilia sana, wekeni leso ya mfukoni juu yake pembeni, mbali na kijiti. Kama bado inalia, ikunjeni mara mbili.

Chumba. Tulianza sebuleni, nyumba ya mawe, sakafu ya saruji, mabati bila dari. Ukipiga makofi mara moja unarudishiwa matatu. Mabati yenyewe yalikuwa yakitetemeka kila mguu ulipopiga. Tulihamisha meza, tukaacha makochi na vitambaa vyake vyote, tukasimamisha magodoro mawili ukutani, tukafunga kamba ya nguo kutoka dirisha hadi dirisha juu ya mpigaji na kutundika blanketi. Mwenye nyumba, mama wa mmoja wetu, alisimama mlangoni akauliza kama tunahama. Msibandike dramu kwenye kona, mvumo mzito unajaa huko na unachafua kila kitu. Msiweke katikati kamili pia. Jaribuni hatua moja huku, moja kule, na mpige makofi kila mahali. Mkikosa chumba kinachofaa, ukumbi huu ukiwa mtupu unaweza kuwa mzuri, ila maiki zikae karibu zaidi.

Mvua ikianza, fungeni kazi mnywe chai. Na kwetu kuna kinu cha posho ambacho hakina saa maalumu. Lakini kubwa kuliko mvua na kinu ni majirani. Kabla ya kupiga pigo la kwanza, wawili wetu walienda nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja aliye mgonjwa alituambia, "Wanangu, mimi nalala mchana. Pigeni saa tisa mpaka saa kumi na moja, si zaidi." Tulishika maneno yake. Siku moja tulibakiza wimbo nusu tukaacha, kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imefika. Kikundi kingine tunachokijua hakikuuliza mtu, na siku ya pili tu waliitiwa chifu.

Neno moja kuhusu masikio. Dramu ndani ya chumba kidogo inaweza kupita desibeli 100. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza mtu asikae kwa kelele ya kiwango hicho zaidi ya dakika 15 kwa siku. Mpigaji avae vifuniko vya masikio, na watoto wanaojazana mlangoni waondolewe. Si suala la nidhamu tu, ni masikio yao.

Sasa tumfikie mpigaji mwenyewe, kwa maana kwa maiki mbili yeye ndiye fundi wa mitambo. Kwa maiki nane, matoazi yakizidi mtu anayapunguza baadaye. Kwa maiki moja juu, matoazi yakizidi yamezidi. Kijana wetu amezoea kupiga ukumbini bila spika, ashindane na watu mia mbili wanaoimba. Mkono wake kwa matoazi ulikuwa wa kupasua. Tungeweza kumwambia, "Punguza, punguza," naye alikuwa bado na uchungu wa ile mashine. Hatukusema. Tulirekodi dakika moja, tukampa spika za masikio asikilize peke yake. Akasikiliza, akavua, akasema, "Kumbe mimi ndiye ninayefunika sneya yangu mwenyewe." Akapandisha matoazi kiganja kimoja juu ili yawe mbali kidogo na ngoma. Akaanza kuyagusa badala ya kuyapiga, na sneya akaipa nguvu. Tulirekodi tena. Hatukuwa tumegusa maiki hata moja, lakini ilikuwa rekodi nyingine kabisa.

Ilichukua Jumamosi nne, si moja. Wimbo wa kwanza ulichukua mara 19.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Matundu ni mawili, kwa hiyo huwezi kurekodi watu saba pamoja. Kwanza tulirekodi gita na mwimbaji mmoja, kwa kufuata mapigo ya saa ya programu, iwe dira tu. Halafu mpigaji akawekewa hiyo masikioni, akapiga dramu peke yake juu yake. Spika za masikio ziwe zile zinazofunika sikio lote, ama sivyo mlio wa saa utavuja uingie kwenye maiki, na utausikia tik, tik mahali pa kimya. Baadaye ndipo gita na sauti za kweli zinarekodiwa upya juu ya dramu. Mwanzoni mpigaji agonge vijiti mara nne pamoja na saa, ili mkiona vimechelewa kwenye kompyuta mjue ni kwa kiasi gani mvute nyuma.

Kuhusu nguvu ya kuingiza: mwambieni apige kwa nguvu zake zote, si za kujaribu, kwa sababu wimbo ukipamba moto ataongeza. Mpunguze mpaka pigo kubwa kabisa likae chini ya taa nyekundu, na bado muache nafasi. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye. Iliyogonga nyekundu imepasuka na hakuna dawa. Chomoeni chaja ya kompyuta wakati wa kurekodi, mara nyingi ule mngurumo mnaousikia unatoka huko, na pia stima ikipotea mtakuwa kwa betri. Kila mkimaliza, wekeni nakala kwenye flashi mbili, kila moja nyumba yake.

Kuchanganya hatutasema mengi. Tuliondoa kidogo sauti ya boksi kwenye dramu kubwa, tukaongeza mwangwi mdogo, tukaacha. Tulijaribu kwa simu, kwa redio ya mama mwenye nyumba, na ndani ya matatu ya rafiki yetu. Kwenye matatu mguu ulizidi, tukarudi tukapunguza.

Tomu ndogo bado inasikika mbali. Tumejaribu, haijakubali. Rekodi yetu si kama ya mjini, mtu yeyote anaweza kusikia ni nyumbani. Gharama ilikuwa ngozi ya sneya, kamba, na chai.

Mamake kijana tulimpelekea. Mara hii hakuuliza kitu. Alimwita jirani yake kule ng'ambo ya ua, akamwambia aje asikie, akaongeza sauti ya redio mpaka kispika kikakwaruza, ambalo ni kosa tulilokuwa tumejitahidi sana kuliepuka.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. La mwisho liliulizwa na mama mmoja kutoka kwaya ya Kakamega: je, njia hii inafaa kwa isukuti? Tulimjibu kwamba inafaa, tena ni rahisi kidogo, kwa sababu ngoma za isukuti ni tatu na hazina matoazi. Wapigaji wasimame nusu duara, maiki moja mbele usawa wa kifua, na ile ndogo yenye sauti kali isimame hatua moja nyuma ya kubwa. Ikisikika imezidi, arudi nyuma hatua nyingine. Kamba yetu tuko tayari kuiazimisha, stendi ya fagio pia, mradi jiwe lirudi.